Maua Meupe Mpaka Mavuno

Mama alishuka Tanga mwezi wa Januari, goti la kulia limefungwa kitambaa, mapajani amepakata ndoo ndogo ya plastiki iliyojaa udongo. Ndani ya ndoo mlikuwa na mashina manne ya maua yake meupe. Nguo zake zilikuwa nyuma ya pikapu ya kaka yangu, ndani ya mfuko wa salfeti, lakini ndoo ile aliishika mwenyewe tangu Lushoto, kona zote zile. Nilimwamkia shikamoo, hakuitika. Aliangaza kiwanja changu cha Mabawa, mchanga mtupu na kamba ya kuanikia nguo, akauliza, "Hapa panaota nini?"

"Karibu, mama."

"Nimeuliza panaota nini."

Alikuwa ameanguka kwenye njia ya kwenda kisimani, na sisi wanawe tulikuwa tumekubaliana kwamba asikae tena peke yake kule juu. Kaka anafanya biashara ya kabichi na viazi, wiki nzima yuko barabarani. Mimi nina nyumba, nina chumba, na kazi yangu ya ualimu hainipeleki mbali. Tulikubaliana sisi wawili. Mama hakuwemo kwenye makubaliano, na alitujulisha hivyo jioni ile ile baada ya chai.

"Nitakaa mpaka Mavuno," alisema. Mavuno ni ile Jumapili ya shukrani ambayo sisi Walutheri tunapeleka kanisani mahindi, ndizi, kuku na chochote tulichojaliwa, kisha vitu vinanadiwa nje baada ya ibada. Usharika wetu huifanya mwezi wa nane. "Maua yangu yakichanua hapa kwenye joto lenu, nitajua na mimi ninaweza kukaa. Yakikataa, Jumatatu yake kaka yako anakuja kunichukua. Na asitokee mtu wa kunililia."

Kaka, ambaye anamwogopa mama kuliko anavyoogopa trafiki, akasema, "Sawa, mama."

Niseme ukweli. Nilimtaka mama yangu, na si kwa sababu ya goti lake tu. Wanangu wametawanyika na maisha yao, mume wangu alishatangulia, na mimi nilikuwa nimefika mahali pa kupika kikombe kimoja cha mchele na bado kinabaki. Wiki ya kwanza mama alipokaa jikoni akilalamika kwamba nazi zetu zinafanya kila chakula kifanane, niliona nyumba imerudi kuwa nyumba. Kwa hiyo sharti lake nililichukua kama mtihani. Mimi ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi. Mtihani ndio kitu ninachokijua.

Maua yenyewe kwenye vibanda vya miche wanayaita krisanthemamu. Mama kwa maisha yake yote ameyaita maua ya Jumapili, kwa kuwa kila Jumamosi aliyakata na kuyapeleka madhabahuni, tangu mimi sijazaliwa. Alipoingia kanisani kwetu mara ya kwanza akakuta madhabahu imepambwa maua ya plastiki, yale ambayo akina mama tunayafua kwa sabuni ya unga mara moja kwa mwezi na kuyaanika, aliyatazama ibada nzima. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Mungu naye ana macho."

Sikuthubutu kujaribia mkono wangu mbichi kwenye mashina yake manne. Nikaamua kukusanya aina nyingine za kujifunzia, ili makosa niyafanye kwa maua ya watu. Kwenye vibanda vya miche pale Usagara nilinunua ya njano, madogo, ya mviringo, mfano wa vifungo vya shati. Mwalimu mwenzangu akanipa yenye rangi ya damu ya mzee. Kaka akaniletea aina mbili kutoka Lushoto, moja ya pinki ambayo petali zake zimejikunja ncha mfano wa vijiko, nyingine ya rangi ya kutu. Pamoja na meupe ya mama, ambayo kule juu ua moja hufikia upana wa kisahani cha chai, nikawa na aina tano.

Nilifungua daftari. Nilichora safu kama za ripoti ya mwanafunzi: kuvumilia jua, kuvumilia maji, wadudu, kutoa matawi, kuchanua. Kila Jumamosi nilipita na kalamu nyekundu. Mama alinitazama kutoka kwenye kiti chake na kuniuliza kama maua yatalipa michango ya mahafali.

Kwenye simu nilisoma kwamba haya ni maua magumu, yanavumilia hata theluji. Theluji! Nani aliuliza habari za theluji? Sisi tulitaka kujua kama yanavumilia Februari ya Tanga, ile ambayo ukitoka kuoga unaanza kutoka jasho kabla hujajifuta. Hilo hakuna aliyeliandika, nikaliandika mimi. Ya pinki ilikuwa mtoto wa kudekezwa: ikifika saa sita inalegea yote, jioni inajifanya haikuwa na neno. Damu ya mzee ilikuwa na sura nzuri na uvivu mwingi, na vidukari waliipenda kuliko zote, hata nikawa naiosha kwa maji ya sabuni kila siku ya pili. Ya njano haikuomba chochote. Niliipa alama za juu bila kuipenda, kama mwalimu anavyompa mtoto mwenye akili asiye na adabu. Meupe ya mama yalikaa kimya, hayafi wala hayakui, yakisubiri kuona sisi ni watu wa namna gani.

Masika yalipokaribia mama alinifundisha kukata vipandikizi. Unachukua ncha ya tawi, urefu wa vidole vinne, unaondoa majani ya chini, unachomeka kwenye mchanga uliooshwa na kufunika kwa chupa ya maji iliyokatwa. Mizizi ikishika, unapandikiza kwenye tuta lililoinuka, ili mvua isiozeshe. Sikuinua tuta vya kutosha upande mmoja, na ile ya rangi ya kutu ikaoza yote ndani ya wiki moja. Sifuri. Lakini meupe yalifika mashina ishirini na mawili. Yalipofika urefu wa kiganja mama aliyakata vichwa yote, na mimi moyo ukanipasuka.

"Ukikiacha kikimbilie juu kitakupa ua moja kisha kianguke," alisema. "Kikate kichwa, kizae."

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mama wa Kidigo kutoka Moa, mjane kama mimi, amenizidi miaka kama kumi. Dirisha la chumba chake linatazama kiwanja changu juu ya ukuta mfupi wa matofali. Yeye ndiye aliyenipa makumbi ya nazi ya kufunika udongo usikauke. Yeye mwenyewe ana asumini na mrehani, na maua yangu aliyadharau waziwazi. Alikata jani moja, akalifikicha, akalinusa.

"Lanuka dawa," alisema. "Mwalimu, ua lisonukia ni la nini? Harusini hulivai, kitandani hulitandazi."

"La madhabahuni," mama akajibu kutoka kwenye kiti. "Mungu halivai kichwani."

Jirani akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo wakawa marafiki, wakitembeleana kila alasiri, mmoja na asumini yake, mwingine na mkongojo wake.

Mambo yaliharibika mwezi wa tano, na aliyeyaharibu ni mimi. Mbuzi wa mtaani waliingia jioni moja wakamaliza ya pinki yote. Siku ya pili yake nikakuta mtu amevunja matawi ya damu ya mzee, sijui alidhani ni mboga. Nikapandwa na hasira. Nikaenda kununua taa kubwa ya sola, ile inayojiwasha yenyewe giza likiingia na kuzima alfajiri, nikaifunga kwenye nguzo juu ya tuta. Kiwanja kikawa kama uwanja wa mpira. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa sayansi, nikajipongeza mara mbili. Zaidi ya miaka ishirini nimeandika ubaoni: mimea huhitaji maji, hewa, rutuba na mwanga. Sasa maua ya mama yatapata mwanga wa mchana na wa usiku. Yatachanua mpaka yachoke.

Baada ya siku tatu jirani alinisimamisha getini. "Mwalimu, ile taa yako yaniingia chumbani. Hata nikifumba macho naona mchana. Igeuze, mwanangu."

Nilikuwa nimetoka kusahihisha madaftari ya darasa la watoto tisini. Jua lilikuwa kichwani na njaa tumboni. Hizo ni sababu, si udhuru. Nilimjibu, "Weka pazia zito."

Alinitazama. "Haya," akasema, akaingia ndani. Waliokaa pwani wanajua "haya" hiyo ina uzito gani.

Na hapo ndipo bakuli lilipoanza kunitesa. Mwezi wa Ramadhani alikuwa ameniletea futari, mihogo ya nazi, ndani ya bakuli lake zuri lenye mfuniko. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, na mimi nilikuwa nimechelewa nikitafuta kitu cha maana cha kutia ndani. Sasa tumegombana. Nikilirudisha tupu, nimemtukana. Nikilirudisha limejaa, nimekiri kosa, na mimi kukiri kosa ni kazi. Likabaki juu ya kabati, linanitazama kila ninapokunywa chai. Asubuhi nilimwamkia shikamoo huku macho yangu yako kwenye kufuli la geti, naye akaitika marahaba huku anatazama mawingu. Mama aliendelea kwenda kwake kama kawaida. Nilipojaribu kumlalamikia alisema ugomvi wetu si wa rika lake.

Kipupwe kikaingia. Upepo ukapoa, asubuhi hata mimi nilitafuta kanga ya kujitanda. Hali ya hewa yenyewe ilikuwa kama niliyoiomba, na maua ya mama yalikuwa yamefika kiunoni, majani ya kijani kizito, mashina manene. Lakini hayakuwa na tumba hata moja. Niliweka majivu. Niliweka maji ya samadi. Niliinama kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nikifunua ncha moja moja kama daktari anayetafuta jino la mtoto, nikakuta majani yanazaa majani. Mwezi wa sita ukaelekea mwisho, na kwenye safu ya kuchanua aina zote tatu zilizobaki nilikuwa nimeziandikia sifuri.

Jioni moja kaka akapiga simu. "Mama amenipigia," alisema. "Amenieleza habari za majani matupu. Sasa ile Jumatatu ya Mavuno nije na gari, sivyo? Nilitaka kukuuliza..."

Nikamkatia simu. Niliingia jikoni nikafungua bomba ili mama asisikie, nikalia. Nililia kwa hasira kwanza, kisha kwa uchungu. Kaka alipiga tena mara mbili, sikupokea. Sikutaka kuulizwa saa ya kuondokewa na mama yangu.

Siku chache baadaye mama alirudi kutoka kwa jirani, akakaa, akanyoosha goti.

"Jirani yako anasema macho yako yamezoea madaftari tu," alisema. "Anasema nenda nyuma ya tenki la maji."

"Kuna nini?"

"Mimi nimetumwa, sikutumwa kueleza."

Nyuma ya tenki nilikuwa nimetupia mashina matatu ya njano yaliyokosa nafasi kwenye tuta. Sikuyapa samadi, wala majivu, wala alama. Yalikuwa mafupi, yamedumaa, na yamejaa tumba kutoka juu mpaka chini. Niligeuka kutazama nyuma. Tenki lilisimama katikati ya mashina yale na nguzo ya taa. Kila usiku, kiwanja kizima kilipong'aa, hapo peke yake palikuwa na kivuli.

Aliyeona ni yule ambaye taa ilimnyima usingizi. Alikuwa akisimama dirishani kila usiku kwa hisani yangu, hana la kufanya ila kutazama kiwanja changu, na asubuhi akilinganisha upande wa mwanga na upande wa giza. "Maua nayo yataka kulala," alimwambia mama, "kama mie."

Nikasoma kwenye simu, safari hii nikitafuta swali sahihi. Ni kweli. Maua haya yanapima urefu wa giza. Giza likikatizwa na taa, yanadhani msimu wake haujafika, yanaendelea kuota majani. Mwalimu wa sayansi! Miaka yote nimefundisha nusu ya somo. Nilipanda kwenye ngazi na kisu cha jikoni, nikaing'oa ile taa pamoja na skrubu zake.

Kisha nikatia makande sufuriani. Vitumbua sijaviweza mpaka leo, na sikutaka kumwomba mtu radhi kwa mawe. Makande ndiyo chakula changu, mahindi na maharage yaliyoiva mpaka yakakubaliana. Nikajaza bakuli mpaka mfuniko ukakataa kukaa vizuri, nikazunguka kupitia getini kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama," nikasema, na safari hii nilimtazama usoni.

"Marahaba." Alifunua mfuniko. "Makande! Kumbe na nyie watu wa mlimani mwajua kuomba radhi."

"Nilikukosea. Nilikujibu vibaya na wewe ni mkubwa wangu. Nisamehe."

"Weye nilikusamehe zamani," alisema, akalipokea kwa mikono miwili. "Nilikuwa naliulizia bakuli langu tu." Akanikalisha, tukala, akanisema kidogo kwa kuzidisha chumvi.

Kuanzia hapo zikawa mbio. Katikati ya mwezi wa saba, kwenye ncha za meupe, nikaona vitu vidogo kama dengu. Nilipiga ukelele uliomtoa jirani chumbani. Damu ya mzee nayo ikaweka tumba, ikiwa imechelewa kama kawaida yake. Ya njano nyuma ya tenki ikafunguka kabisa, vifungo vya dhahabu, na nikaifutia sifuri yake kwa aibu. Lakini meupe hayakuwa na haraka na mtu. Wiki ya mwisho kabla ya Mavuno yalikuwa kama njugumawe, magumu, yakionyesha uzi mweupe juani na kuuficha jioni.

Jumamosi mama alipita tuta zima, akigusa moja moja kwa kidole.

"Yamebakiza wiki moja, mama," nilisema. "Au mbili. Umeona mwenyewe."

"Mavuno ni kesho," akasema.

Kesho yake alikata ya njano, akayafunga vizuri kwenye kopo la maziwa lililozungushiwa kitambaa cheupe, akaenda kulitua madhabahuni mwenyewe, mkongojo mkono mmoja. Akina mama wenzangu wakasogeza plastiki pembeni bila kuambiwa. Nyimbo ziliimbwa, kuku wakanadiwa, watu wakacheka, na mimi sikuwapo pale. Nilikuwa naihesabu Jumatatu. Sikumbuki hata neno la mahubiri, na kama yalihusu hasira, basi yalinipita.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni. Nilikunja nguo za mama kwenye ule mfuko, gauni moja moja, na kila moja nililia juu yake, kinyume kabisa cha masharti. Yeye alikuwa nje na jirani wanamenya mihogo. Niliwasikia wakicheka na nikaona ni ukatili.

Pikapu ya kaka ilifika kwenye saa nne. Nikatoka na mfuko mkononi. Kaka alishuka, akamwamkia mama, akamwamkia jirani, akaenda kufungua nyuma. Akashusha gunia la samadi. Akashusha la pili. Akashusha jembe la mama, kigoda chake, sufuria yake nyeusi, mbao za kitanda chake zilizofungwa kwa kamba ya mkonge, na mwisho tenga la vipandikizi vilivyofunikwa majani ya migomba.

"Hivi vyote vya nini?" nikauliza.

"Si vya mama? Alinipigia mwezi wa sita, akasema nimletee vitu vyake Jumatatu ya Mavuno, anahamia." Kaka alijifuta jasho. "Nilitaka kukuuliza kama kitanda kitapita mlangoni, ukanikatia simu."

Niligeuka. "Mwezi wa sita? Mama, mwezi wa sita yalikuwa majani matupu!"

Mama hakuinua macho kwenye muhogo wake. "Nilikuwa nakuona. Umegombana na mbuzi, umegombana na jirani, umegombana na jua lenyewe kwa ajili ya maua yangu. Nikuache niende kukaa na nani kule juu? Na ukungu?"

Mfuko ulinidondoka. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumfokea, na vyote viwili vilitaka kutoka kwa mdomo mmoja. "Miezi miwili, mama! Mimi nalia jikoni! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia," alisema, "ungeacha kuyamwagilia."